Macho ya Dagaa

Wazo lilianza kwa mtoto kususa.
Holo, miaka minne, alisukuma sahani akasema,
"Mama, hawa wananitazama."
Minza akainama, akaangalia vizuri.
Ni kweli. Sahani nzima ilikuwa ikimtazama.

Asubuhi alikuja Nyakato bila usingizi,
kwenye kibanda chetu cha bati nyuma ya mafundi wa mageti,
tulikokuwa tunasaga karanga na kudaiwa kodi,
akasema, "Tutatengeneza dagaa asiye na macho."
Lushinge alicheka hadi akakohoa.
Mimi niliandika. Ndiyo kazi niliyoajiriwa:
daftari la jalada gumu, ukurasa wa kwanza,
tarehe, bei ya ndoo pale Mwaloni,
neno *macho*, na alama ya kuuliza.

Jaribio la kwanza tulikata vichwa kwa mikono,
wanawake wanne, visu vinne, ndoo moja, siku nzima.
La pili: mchanga.
La tatu: mchanga.
Kabla ya la nne Minza alipanda boda hadi Igombe
akawasihi waanikaji watumie chanja, waache ufukwe,
akaongeza mia mbili kwa kila kopo,
na meno yetu yakapumzika.
La saba tuliweka pilipili. La nane tukaiondoa.
La tisa pakiti zilivimba kabatini
kama shavu la mwenye jino bovu,
zikapasuka usiku, moja baada ya nyingine,
na mlinzi Bwire akapuliza filimbi mpaka mtaa ukaamka.

La kumi na moja lilikuwa tamu.
Tulitafuna kimya, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kusema.
Kisha Lushinge akapiga hesabu nyuma ya bahasha:
pakiti moja, elfu mbili na mia tatu, faida bado.
Nani Igoma atanunua dagaa wa kutafuna
kwa bei ya robo kilo ya nyama?
Tukafanya pakiti ndogo. Tukafanya ndogo zaidi.

Mwaka wa vibali sitausimulia.
Nitasema tu kuna benchi, kwenye ofisi fulani,
linaloijua suruali yangu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Wahenga hawakubeba katoni tatu
kupandisha mawe ya Mabatini saa saba mchana.
Chema chetu kilivaa raba. Kilibisha hodi.
Kilikopwa. Kilitundikwa nyuma ya sabuni za kufulia
kikarudi kinanuka sabuni za kufulia.
Mwenye duka mmoja wa Buzuruga alikigeuzageuza,
akaniuliza, "Na macho yao mmeyapeleka wapi?"
Akacheka peke yake.

Kwa sababu vichwa vilikuwepo.
Magunia sita, nyuma ya kibanda,
na paka wa kata nzima wakiyafanyia mkutano.
Alikuja Nabwike, mfuga kuku, kulalamikia harufu.
Alilalamika vizuri, kwa sauti, mikono kiunoni,
akaondoka na gunia moja juu ya baiskeli.
Ijumaa akarudi kutaka mawili.
Kuku wake, alisema, walikuwa wanataga kama wana deni.

Vichwa vililipa kodi.
Vichwa vilinunua mashine ya kukata vichwa.
Vichwa vilimlipa kijana aliyetuchorea nembo,
samaki mdogo anayetabasamu, kope zimefungwa.
Pakiti zenyewe zinauzika, si haba,
shule mbili, hospitali moja, maduka yanayolipa na yasiyolipa.
Lakini daftari halijui aibu:
safu ya kuku ni ndefu kuliko safu ya watoto.

Jana Holo, sasa ana miaka tisa,
alikaa juu ya gunia akitafuna pakiti yake,
maelfu ya macho chini ya sketi ya shule.
Akauliza, mdomo umejaa,
"Hivi kuku, wao hawaogopi kutazamwa?"

Minza akaacha kupima.
Akamtazama mtoto kwa namna ninayoifahamu.
"Usianze," Lushinge akasema. "Minza, nakuomba, usianze."
Mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa,
naitikisa kalamu iliyogoma.